Mtoto asiyeshika herufi si mvivu wala hakulogwa

MIONGONI mwa masuala ambayo wazazi wa hapa Ifakara na vijiji vya bonde zima la Kilombero hutuletea mara kwa mara baada ya sala, ni lile la mtoto aliyekwenda shule miaka mitatu au minne na bado hawezi kusoma mstari mmoja hadi mwisho. Mzazi huanza kwa kunong'ona, kana kwamba anasimulia aibu ya nyumba. Husema mtoto wake ni mzima, anatumwa dukani na kurudisha chenji bila kukosea, anasimulia hadithi mpaka watu wazima wanacheka, lakini akipewa kitabu anageuka kuwa mtu mwingine. Baadhi yao huomba dua. Wengine hutuomba tumwandikie kombe anywe, kwa kuwa jirani amekwisha kuwatia wasiwasi kwamba mtoto ana mkono wa mtu.

Dua hatuikatai, kwani ndiyo silaha ya muumini. Lakini Mwenyezi Mungu ameweka sababu katika kila jambo na ametuamrisha kuzitafuta. Suala hili limetafutiwa sababu zake kwa zaidi ya miaka 100, na katika miaka ya karibuni limechunguzwa hapa hapa kwetu Afrika Mashariki, kwa watoto wanaosoma Kiswahili. Tumeona ni vyema wiki hii tuwaeleze wazazi wenzetu yale yaliyopatikana, kwa sababu mtoto anayepigwa kwa kosa asilolitenda anadhulumiwa, na dhulma ni dhulma hata ikitendwa na mzazi kwa nia njema.

Tuanze na jambo ambalo sisi walimu wa madrasa tunaliona kuliko watu wengine. Yupo mtoto aliyehifadhi nusu ya Juzuu Amma, sauti yake nzuri, makhraji yake safi, na wazazi wake wanajivuna naye. Mfunulie msahafu kwenye sura aliyoihifadhi, naye ataiteremsha kama maji. Kisha mshikie kidole chini ya neno moja katikati ya aya, umuulize hili ni neno gani. Ataanza tena mwanzo wa sura, aisome moyoni mpaka afike hapo, ndipo akujibu. Ukimfunulia sura asiyoijua, atanyamaza. Mtoto huyu hasomi, anakumbuka. Masikio yake na hifadhi yake vimekuwa vikiyabeba macho yake kwa miaka, na kwa kuwa wenzake 40 wanasoma kwa pamoja na kwa sauti kubwa, hakuna aliyetambua.

Hali hiyo ndiyo iliyomshangaza daktari mmoja wa Kiingereza, W. Pringle Morgan, aliyeandika katika jarida la madaktari wa Uingereza mwezi Novemba mwaka 1896 juu ya kijana wa miaka 14 aitwaye Percy. Kijana huyo alikuwa mwerevu, mwepesi katika michezo, hodari wa hesabu, lakini hata maneno mafupi yalimshinda kuyasoma na kuyaandika. Mwalimu wake alikuwa na maoni kwamba lau masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, kijana huyo angekuwa wa kwanza katika shule nzima. Kabla ya hapo, mwaka 1877, Mjerumani Adolf Kussmaul alikuwa amekwisha kuitaja hali ya watu wazima waliopoteza uwezo wa kusoma ilhali wanaona na wanasema vizuri, akaiita upofu wa maneno. Mwaka 1887 mwenzake, Rudolf Berlin, tabibu wa macho, akaipa jina la kitaalamu la disleksia, ambalo ndilo linalotumika hadi leo kwa watoto waliozaliwa na ugumu huo.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni ugonjwa wa macho, kwamba mtoto anaziona herufi zikiwa zimepinduka. Watafiti wengi wa leo wameiacha dhana hiyo. Kilicho dhahiri zaidi ni kuwa ugumu upo katika kuzishughulikia sauti za lugha ndani ya ubongo: kulivunja neno "kalamu" katika vipande vyake, kukishika kila kipande, kukiunganisha na alama yake kwenye karatasi, na kufanya hivyo upesi bila kufikiri. Hali hii hurithiwa. Mara nyingi ukiuliza vizuri utasikia kwamba baba naye, au mjomba, alitoroka shule darasa la tatu. Haihusiani na akili ya mtu. Makadirio yanayotajwa sana na wataalamu ni kwamba kati ya watoto 5 na 10 katika kila 100 wanayo kwa kiwango fulani.

Hapa pana jambo la kupendeza kuhusu Kiswahili chetu. Kiingereza kina maandishi ya ajabu, herufi ile ile husomwa namna nne au tano. Kiswahili, kama Kiitaliano, kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akizijua irabu 5 na konsonanti zake, hakuna neno litakalomficha sauti yake. Mwaka 2001 kundi la watafiti likiongozwa na Eraldo Paulesu lilichapisha matokeo ya kuwalinganisha watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano walisoma vizuri kuliko wale wengine wawili, lakini walipochunguzwa ubongo wakiwa wanasoma, upungufu ulionekana mahali pale pale kwa wote. Naye Heinz Wimmer wa Austria alikwisha kuonyesha mwaka 1993, kwa watoto wanaosoma Kijerumani, kwamba katika lugha yenye maandishi yaliyonyooka mwenye ugumu huu hakosei sana, bali hukawia. Hutamka silabi moja moja, sahihi, kwa jasho, na akifika mwisho wa sentensi amekwisha kusahau mwanzo wake.

Mzazi wa Kitanzania ayazingatie haya. Ukisikia mtoto wa darasa la nne anasoma "m-ku-li-ma a-na-vu-na" bila kosa hata moja, usitosheke. Muulize: nani anavuna? Akishindwa kujibu, basi kusoma kwake kumeishia kwenye ulimi.

Tena mzazi asichanganye lafudhi na ugumu wa kusoma. Bonde letu lina Wandamba, Wapogoro, Wambunga, Wabena, Wahehe, Wangoni, na katika miongo ya karibuni Wasukuma na wafugaji waliokuja na mifugo yao. Mtoto anayesoma "kula" akatamka "kura", au "dhambi" akasema "zambi", amesoma vizuri. Ulimi wake tu umebaki nyumbani kwao. Kumpiga kwa hilo ni sawa na kumpiga kwa kabila lake.

Sasa tuseme ukweli ambao baadhi ya wasomaji hawataupenda. Watoto wasiojua kusoma katika nchi yetu ni wengi mno kuliko wanaoweza kuelezwa kwa disleksia. Uwezo, mpango wa kupima watoto majumbani, katika upimaji wake wa kwanza wa mwaka 2010 ulikuta kwamba ni kama theluthi moja tu ya watoto wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili, na kwamba katika kila wanafunzi 5 wa darasa la saba, mmoja hakuiweza hadithi hiyo hiyo. Mwaka 2012 iliripotiwa kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2013 uliwakuta watoto wa darasa la pili wakisoma kwa wastani maneno yapatayo 18 kwa dakika, wakati kiwango kilichokusudiwa kilikuwa 50. Kwa hesabu rahisi, ikiwa theluthi mbili hawasomi, na wenye ugumu wa kuzaliwa nao ni mmoja katika 10 au 20, basi waliobaki hawana kasoro yoyote. Hawakufundishwa, au walifundishwa wakiwa hawapo.

Nasi wa Kilombero tunajua vizuri maana ya kufundishwa ukiwa haupo. Mpunga wetu unalimwa mbali na nyumba. Mvua zinapoanza, familia nyingi huhamia shambani, wengine ng'ambo ya mto, na kukaa huko katika vibanda kwa miezi, kulima, kupanda na kupalilia. Mpunga ukianza kutoa masuke, mtoto hupandishwa kwenye dungu kuamia ndege tangu alfajiri, maana kwelea kwelea hawasubiri kengele ya mapumziko. Watafiti wa Ifakara wameyaandika makazi haya ya shambani kwa sababu ya malaria. Lakini kinachowafikisha watoto hao mbali na zahanati ndicho kinachowafikisha mbali na ubao. Shule hufunguliwa Januari, na herufi hufundishwa miezi hiyo hiyo ya kilimo. Mtoto akirudi baada ya mavuno, wenzake wamefika kwenye sentensi naye hajaijua "m". Mwalimu mwenye wanafunzi 80 hawezi kurudi nyuma kwa ajili ya mmoja, na mwaka unaofuata hadithi ni ile ile. Tunafahamu kuwa mpunga ndio chakula na ndio ada. Lakini iwapo nyumba ina watoto watatu wa kuamia ndege, yule aliye darasa la kwanza aachwe mjini kwa bibi yake. Miaka hiyo miwili ya mwanzo haina fidia.

Serikali nayo ilichukua hatua. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa ukaelekezwa katika kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK, na walimu wakafunzwa kuanzia na sauti ya herufi badala ya kukaririsha safu za silabi tu. Msomaji wa umri wetu atakumbuka "ba be bi bo bu" iliyoimbwa darasa zima huku nusu ya darasa wakitazama dirishani.

Utafiti wa hapa kwetu umeiunga mkono njia hiyo, tena kwa namna isiyotarajiwa. Mwanasaikolojia Katie Alcock, pamoja na Watanzania akiwemo Damaris Ngorosho, waliwachunguza watoto wa Tanzania wa umri wa kwenda shule, ambao baadhi yao walikuwa shuleni na wengine hawajaanza, na wakachapisha matokeo mwaka 2010. Swali lilikuwa: je, mtoto hutambua kwanza sauti zilizomo ndani ya neno, ndipo aweze kusoma, au hujifunza herufi kwanza, na herufi ndizo zinazomfungua masikio? Waliona kwamba kuzijua herufi ndiko kulikotangulia. Mtoto asiyejua herufi anasikia "kalamu" kama kitu kimoja kisichogawanyika, kama sisi tunavyosikia mlio wa kengele. Miaka mingi kabla yao, mwaka 1979, José Morais na wenzake walikuwa wameona jambo linalofanana nalo huko Ureno kwa watu wazima wa vijijini: wale ambao hawakupata kusoma kabisa walishindwa kuiondoa sauti ya kwanza ya neno, ilhali majirani zao waliojifunza ukubwani waliweza.

Ngorosho mwenyewe alikwenda mbele zaidi akatazama majumbani, katika vijiji vya mkoa wa Pwani. Akaangalia elimu ya wazazi, kuta za nyumba zimejengwa kwa nini, taa inayowashwa usiku ni ipi, na idadi ya vitabu vya kujifunzia kusoma vilivyomo ndani. Vitu hivyo vyote vilihusiana na uwezo wa mtoto wa kusoma na kuandika. Kuta na taa ni dalili za kipato, na si kila mtu anaweza kuzibadilisha mwaka huu. Ama kitabu, hapo tunaomba radhi kusema kwamba tumeingia katika nyumba zenye televisheni ya ukutani na hakuna karatasi yenye maandishi ila kalenda.

Ngambo ya mpaka, katika Kwale, pwani ya Kenya, kulifanyika jaribio kubwa katika shule 101 kuanzia mwaka 2010. Watafiti walitaka kujua mambo mawili kwa pamoja: je, watoto wakipimwa malaria shuleni mara kwa mara na kutibiwa, watasoma vizuri zaidi? Na je, mwalimu akipewa mpango wa masomo ulioandaliwa, akafunzwa, kisha akawa anatumiwa ujumbe wa simu kila wiki wa kumkumbusha na kumtia moyo, watoto watasoma vizuri zaidi? Upimaji wa malaria, kinyume na matumaini ya wengi, haukuleta faida iliyoonekana katika masomo. Ujumbe wa simu na mipango ya masomo vilileta. Watoto walisoma vizuri zaidi, na walioacha shule walipungua zaidi ya nusu. Tunalieleza hili kwa makusudi katika mji wa Ifakara, ambako utafiti wa malaria umefanyika tangu mwaka 1957 maabara ya Waswisi ilipoanzishwa hapa. Malaria tunaijua. Ni katika bonde hili hili, wilaya za Kilombero na Ulanga, ambako mwishoni mwa miaka ya 1990 ilithibitishwa kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza kunusurika kwa watoto wadogo kwa 27%.

Hata hivyo malaria si bure katika suala hili. Ile kali, inayopanda kichwani na kumfanya mtoto adegedege au azimie, huacha alama. Huko Kilifi, Julie Carter na wenzake walichapisha mwaka 2005 matokeo ya kuwafuatilia watoto waliowahi kulazwa kwa malaria ya namna hiyo. Takriban robo yao walikuwa na upungufu katika jambo moja au zaidi, kama vile lugha, kumbukumbu, kutembea, kuona au kusikia. Kwa watoto ambao hawakuugua hivyo, ilikuwa mmoja katika 10. Basi mzazi unapoeleza habari za mtoto wako kwa mwalimu, usisahau kusema kwamba aliwahi kulazwa akiwa na miaka miwili, hakujitambua siku mbili. Wewe umeona ilipita. Huenda haikupita yote.

Na tukipandisha macho kuelekea milima ya Mahenge, kuna kifafa. Daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge miaka ya mwanzo ya 1960, akaandika juu ya watoto wanaotikisa vichwa, na katika miaka ya karibuni watafiti wamehusisha wingi wa kifafa katika maeneo hayo na minyoo ya usubi. Mtoto mwenye kifafa hukosa masomo kwa kuanguka, kwa kufichwa, na kwa watu kumkimbia wakidhani mate yake yanaambukiza. Hayaambukizi. Dawa za kila siku huwazuia wengi wasianguke, na mtoto asiyeanguka anaweza kukaa darasani kama wenzake.

Turudi madrasani, maana huko neno letu lina uzito kidogo kuliko wizarani. Mtoto wetu anajifunza maandishi ya namna mbili kwa wakati mmoja, moja yakitoka kushoto, mengine kulia. Watu hutuuliza kama jambo hilo linamchanganya. Mtoto wa kawaida halimchanganyi. Vizazi vya Waswahili vimesoma hivyo, na kabla ya herufi za Kirumi Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, hata wale waliohesabiwa na wakoloni kuwa hawajui kusoma walikuwa wakiandikiana barua. Lakini mwenye ugumu humwelemea. Watafiti wanaosoma Kiarabu wameeleza kwamba herufi zake zinazofanana sana, zikitenganishwa kwa nukta tu kama ba, ta na tha, na ambazo hubadilika umbo kwa mahali zilipo katika neno, huchukua muda mrefu zaidi kutambuliwa hata na msomaji hodari. Juu ya hayo, mtoto wetu haijui lugha yenyewe. Akikosea, maana haimsaidii kujisahihisha kama inavyomsaidia katika Kiswahili.

Sasa mtoto kama huyu akikwama, afanywe nini? Tunalijua jibu ambalo limezoeleka katika baadhi ya madrasa: henzirani. Hata shule za Serikali, kwa kanuni za mwaka 2002, haziruhusu zaidi ya viboko vinne, tena kwa idhini ya mkuu wa shule na kwa kosa kubwa. Kushindwa kuitambua "jim" si kosa kubwa. Na anayedhani anaitetea dini kwa fimbo hiyo, akumbuke hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, ambamo Mtume, rehema na amani zimshukie, alieleza kwamba anayeisoma Qur'ani kwa kukwamakwama na kwa tabu ana malipo mawili. Tuipime hadithi hiyo: yule ambaye Mtume amemhesabia malipo mawili, ustadhi anamhesabia viboko vinane.

Nabii Musa, amani imshukie, alimuomba Mola wake amfungue fundo la ulimi wake, na akaomba ndugu yake Harun awe msaidizi wake. Akapewa. Hakuambiwa ajitahidi tu. Mafundisho ya kisa hicho kwa mwalimu mwenye mwanafunzi mzito wa lugha yanatosha kujaza ukurasa huu, ila tuna mengine ya kusema.

Njia zenyewe si ngumu. Kwanza mtoto apelekwe hospitali apimwe masikio na macho. Tumewaona watoto waliotokwa usaha masikioni miaka miwili wakidhaniwa ni wakaidi. Pili, apimwe kwa maneno ambayo hawezi kuwa ameyahifadhi. Wataalamu hutumia maneno ya kubuni yasiyo na maana, kama "mepa" au "tofuki"; anayesoma kweli atayatamka, anayekumbuka atakwama. Kwa Kiarabu, mwalimu aandike ubaoni herufi mbili tatu zilizounganishwa na fat-ha na kasra, zisizotoka katika sura yoyote. Tatu, arudishwe nyuma bila haya, mpaka pale alipoachwa, afundishwe sauti moja kwa herufi moja, kidogo kidogo, kila siku, robo saa, akiwa peke yake au na wenzake wawili. Robo saa ya kila siku ina faida kuliko saa mbili za Jumamosi.

Miaka ya 1930 huko Marekani, Samuel Orton na Anna Gillingham walijenga njia ya kumfundisha mtoto wa namna hii kwa kutumia jicho, sikio, ulimi na mkono kwa pamoja: aione herufi, aitamke, aichore kwa kidole huku akiitamka. Sisi tuliosoma kwa mbao, kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi, tunaijua njia hiyo bila kufika Marekani. Mwalimu aliandika, nasi tukapita juu ya mwandiko wake huku tukisoma kwa sauti, kisha ubao ukaoshwa tukaanza upya. Misahafu ya kuchapwa ilipoenea, mkono ukaachwa nje ya somo. Ni maoni yetu kwamba tulipoteza kitu hapo, na ustadhi yeyote mwenye sinia la mchanga anaweza kukirudisha kesho.

Baadhi ya watoto watajifunza polepole maisha yao yote. Hao wahifadhi kwa masikio, na hakuna aibu. Abdullah bin Ummi Maktum, aliyeteremshiwa aya za mwanzo za Surat Abasa, alikuwa kipofu. Hakusoma herufi hata moja, na alikuwa mwadhini wa Mtume.

Tumesema kuhusu watoto, lakini wapo watu wazima ambao wanausoma ukurasa huu kwa mdomo wa mtu mwingine. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni ya kufuta ujinga iliyofuata iliwatoa mamilioni gizani. Kwa takwimu rasmi, mwaka 1986 waliobaki bila kujua kusoma na kuandika walikuwa 9.6% tu. Lakini kusoma ni kama panga, lisiponolewa hushika kutu, na wengi wa waliofaulu hatua zile hawakupata kitu cha kusoma baadaye. Leo katika bonde hili mtu asiyesoma anauziwa dawa ya magugu na kupulizia kipimo kilichomfaa jirani. Anawekewa karatasi ya kukodisha au kuuza shamba, anaambiwa weka dole gumba hapa, na msimu unaofuata anakuta ekari alizodhani amekodisha zimekwisha kuuzwa. Kesi za namna hii huletwa kwetu na kwa mabaraza ya ardhi zikiwa zimechelewa.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ndani ya Surat al-Baqara, imeshughulikia maandishi ya deni. Ndani yake imeelezwa kwamba mwenye haki juu yake akiwa dhaifu au hawezi kuimla mwenyewe, walii wake aimle kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Kwa lugha ya soko la Ifakara: asiyesoma asiweke dole mpaka karatasi isomwe kwa sauti na mtu aliyemchagua yeye, si aliyeletwa na mnunuzi, na nakala ibaki kwake. Kijana wa darasa la sita anayesoma vizuri anaweza kufanya kazi hiyo kwa babu yake, na itamletea heshima kuliko cheti.

Mtu mzima aliyekosa shule bado anaweza kujifunza. Stanislas Dehaene na wenzake walionyesha mwaka 2010, kwa watu wa Brazil na Ureno, kwamba ubongo wa mtu aliyejifunza kusoma ukubwani hubadilika karibu sawa na wa aliyejifunza utotoni. Kina mama wanaokaa darsa kila Jumatano wanaweza kuchukua nusu saa ya Kiswahili kabla ya darsa, na hilo tunawaomba maimamu walifikirie.

Mwisho kuna wale waliokuwa wakisoma na kusema vizuri kisha kiharusi kikawanyang'anya. Mwaka 1892 tabibu wa Ufaransa, Jules Déjerine, alieleza habari za mtu mmoja wa Paris aliyejikuta hawezi kusoma, hata yale aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe dakika chache kabla, ilhali kuandika aliweza. Wengine hupoteza maneno: mzee anataka maji anasema jembe, na watoto wake wanadhani amerukwa na akili. Hali hii huitwa afasia. Akili ya mgonjwa mara nyingi ipo, na anasikia mnavyomjadili. Semeni naye kwa sentensi fupi, mmoja mmoja, zimeni redio, mpeni nafasi ya kujibu kwa kichwa au kwa kidole. Na apelekwe hospitali mapema, maana miezi ya mwanzo ndiyo yenye nafuu kubwa.

Familia nyingi hutuuliza kuhusu sala na wasia wa mgonjwa kama huyo. Asiyeweza kutamka Fatiha hakalifishwi zaidi ya uwezo wake. Atasali kwa nia na kwa kile kinachotoka. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, ishara ya asiyeweza kusema, ikiwa inafahamika, huchukua nafasi ya tamko lake. Basi wanandugu wasigawane wala wasiuze kitu cha mzee kwa hoja kwamba hasemi. Aulizwe mbele ya mashahidi wawili, swali moja moja, na kinachojibiwa kwa kichwa chake kiandikwe.

Wabillahi tawfiq.